Miguu ya Ukurasa wa Nane

Phares alibisha mara tatu, na kabla Nekesa hajainuka kitini mama yake alikuwa ameshatoweka.

Alitoweka vilevile alivyotoweka Jumamosi iliyopita, na ile ya kabla yake. Aliweka chini bakuli la njegere alizokuwa akimenya, akavuta kitambaa cha kichwani mpaka kikagusa nyusi, akapita nyuma ya pazia la jikoni bila hata kutazama mlangoni. Njegere mbili zilianguka zikabingirika chini ya kabati la vyombo. Pazia lenyewe, lile la maua ya zambarau ambalo halikufika sakafuni kwa sababu fundi alipima vibaya, lilitikisika kidogo kisha likatulia. Chini yake ilionekana miguu ya Mama Roseline, imesimama tuli ndani ya kandambili za bluu.

"Mama, ni Phares tu," Nekesa alisema kwa sauti ya chini.

Kandambili hazikusogea.

Nekesa alishusha pumzi, akaenda kufungua. Phares Ooko alikuwa amesimama kizingitini na shati lake jeupe la mikono mifupi, lile analovaa akienda kuwashawishi wenye maduka. Kwapani alikuwa amebana karatasi ya manila iliyokunjwa kama mkeka, mkononi alishika bahasha ya kaki, na begani alining'iniza mkoba wake wa majarida. Macho yake yalipita begani mwa Nekesa kwanza, yakatafuta ndani, yakakuta kiti kitupu na bakuli la njegere. Ndipo yakarudi kwake.

"Amekimbia tena," alisema.

"Yuko jikoni. Anapika."

"Saa kumi hii anapika nini?"

"Phares, ingia bwana, usinisimamishe mlangoni."

Aliingia, akakaa ukingoni mwa sofa ndefu, akiogopa kuvuruga vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Sebule hiyo ya Komarock ilikuwa ndogo lakini kila kitu kilikuwa mahali pake. Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa, na kando yake picha ya baba, Mzee Wafula, akiwa kijana ndani ya sare ya reli, siku walizokuwa bado wanaishi Makongeni. Leo Mzee alikuwa kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Mezani, kompyuta ya Nekesa ilikuwa inavuma kama nyuki, kwa sababu ilinunuliwa ikiwa imeshatumika na watu wawili kabla yake.

Kwa miezi minane kompyuta hiyo ilikuwa imebeba ndoto moja, jarida la muziki wa kucheza, la vijana wa shule za upili, lenye kurasa kumi na sita. Jina lake ni *Vumbi*, na chini ya jina maneno haya: Cheza mpaka litimke. Nekesa ndiye aliyelisanifu, kuanzia herufi za jalada mpaka rangi ya namba za kurasa. Phares ndiye aliyelitafutia wasomaji. Alikuwa amezunguka kwa miguu vinyozi na saluni zote za mitaa ya Umoja, Tena na Komarock, akiwaomba wenyewe watundike nakala moja kwa uzi kando ya kioo. "Mtu akishawekewa mashine kichwani haendi popote," alikuwa akiwaambia. "Atasoma. Akisoma atataka yake ya kubeba nyumbani." Vinyozi arobaini na mmoja walikubali. Na leo saa kumi na moja, Hirad mpiga chapa alikuwa anawasha mtambo wake kule mjini.

"Nimekuletea nakala ya mwisho ya kuangalia," Phares alisema, akampa bahasha. Hakumwangalia usoni. Nekesa alimjua vya kutosha kutambua kwamba mtu huyu akitazama kalenda ya kanisa kwa makini hivyo, kuna jambo.

Alilitoa jarida. Karatasi ilikuwa bado inanukia wino. Jalada lilikuwa zuri kuliko alivyowahi kuliona kwenye kompyuta, na kwa dakika moja moyo wake ulijaa. Alifungua ukurasa wa pili, wa tatu, akapita ule wa wachezaji wa ngoma ya isukuti waliopigwa picha wakiwa hewani, akafika katikati, pale pini mbili zinapokaa, ukurasa wa nane na wa tisa.

Palikuwa na tangazo la viatu.

Nekesa alifunga jarida, akalifungua tena, kana kwamba viatu vingeona aibu viondoke.

"Phares."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungekuwa umeshasimama. Ukurasa wangu uko wapi?"

"Nilimwambia Hirad autoe."

"Lini?"

"Jumatano."

"Leo ni Jumamosi."

"Najua leo ni Jumamosi, Nekesa."

"Siku tatu! Siku tatu unakula, unalala, unapiga mswaki, na ukurasa wangu hauko, na hunambii!" Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Huo ndio ukurasa. Hayo mengine yote wanayapata kwenye simu. Ule ndio pekee simu haiwezi. Unaufungua sakafuni, unavua viatu, unakanyaga miguu iliyochorwa, unajifunza kucheza. Wewe mwenyewe ulisema. Ulisema kwa mdomo huo huo!"

"Nilisema. Na ndiyo maana niliubeba nikaenda kuujaribu."

"Kuujaribu wapi?"

Phares alijikuna shingo. "Pale ukumbini Tena. Na wale wasichana wa klabu ya ngoma, kumi na wawili. Niliutandaza sakafuni, nikawawekea muziki, nikawaambia fuateni miguu kuanzia namba moja mpaka kumi na mbili. Namba tatu tu, Nekesa, namba tatu tu, Batulo ameenda kulia na Mbinya ameenda kushoto, vichwa vikagongana kama vifuu. Batulo alivimba mdomo hapa. Tukaanza upya, wakagongana tena. Wakicheka mpaka wanalala chini."

"Hawakufuata vizuri."

"Walifuata vizuri. Ndiyo shida. Walifuata vile ulivyochora."

"Wewe ndiye uliyechora hiyo miguu!"

Neno hilo lilitoka kabla hajalipima, na likiisha kutoka, kila mmoja akatazama sakafu.

Kwa sababu ilikuwa kweli. Wiki tatu zilizopita, katika ukumbi huohuo, Nekesa alivua viatu akasimama juu ya karatasi ya manila, na Phares alipiga magoti na kalamu ya risasi akaanza kuzungushia mguu wake. Walikuwa wanataniana. Kalamu ilipopita unyayoni Nekesa alicheka, akamwambia atampiga teke. Kisha Phares alifika kwenye kidole kidogo, akaona kovu la zamani la kokoto za reli. Aliuliza, naye akamsimulia alivyoanguka utotoni Makongeni. Phares hakuendelea kuchora. Aliushika mguu ule kifundoni, kwa kiganja kizima, kama mtu anayeshika kitu alichoazimwa, akamtazama juu. Waliopita nje walikuwa wanapiga kelele za mchana lakini Nekesa hakusikia hata mmoja.

Alichosikia ni kifuniko cha sufuria. Mama yake alikuwa amewaletea chakula cha mchana. Alisimama mlangoni, akauona ule mguu na ule mkono, akaweka kikapu chini taratibu, akageuka akaenda zake.

Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kukimbia. Mama aliyekuwa akimpa Phares mikono yote miwili, akimwita "Phares wangu", akimwekea mandazi ya kubeba! Sasa mlango ukibishwa anaruka. Nekesa hakuwahi kuuliza, na alijichukia kwa kutouliza, lakini angeuliza nini? Jibu alilijua. Binti wa mzee wa kanisa, ukumbini, mchana kweupe, mguu mkononi mwa mwanamume. Tena mtu wa ziwa, si wa kabila lao, asiye na ajira ila kubeba majarida ya ngoma. Kila usiku alipanga maneno ya kumwambia mama, na kila asubuhi aliyameza na chai.

"Nilichora mguu," Phares alisema polepole. "Wewe ndiye uliyeupanga kwenye ukurasa."

"Basi si ungenipigia simu? Ungesema, Nekesa, kuna kitu hakijakaa sawa. Ningerekebisha jioni hiyohiyo!"

"Kitu kama hicho hakisemwi kwa simu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kuna msichana mmoja pale alisema hili jarida limetengenezwa na mtu asiyecheza." Sauti yake ilishuka. "Sikutaka usikie hiyo kwa simu ukiwa peke yako. Nilikuja hapa. Jumatano hiyohiyo. Mama yako alifungua mlango, akaniona, akaruka kama amekanyaga moto, akaniacha nimesimama na mlango wazi. Nilingoja robo saa nzima, Nekesa. Jirani akaanza kuniuliza kama mimi ni wa kusoma mita ya stima."

"Nilikuwa chumbani. Nilikuwa na muziki masikioni."

"Najua ulikuwepo. Niliona viatu vyako."

"Ungeita!"

"Niite kwenye nyumba ambayo mwenyewe amenikimbia?" Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mimi nina aibu zangu pia. Nilirudi kwetu Tena. Jioni hiyo Hirad akaniuliza ukurasa wa nane uko tayari au la, na mwenye duka la viatu alikuwa anatafuta nafasi. Nikaamua."

"Ukaamua. Peke yako."

"Ndiyo. Nilikosea. Haya, nimesema."

Alivyosema vibaya hivyo, Nekesa aliona afadhali asingesema. Alitamani kumrushia jarida, na kwa wakati uleule alitamani aketi karibu naye amwulize kama amekula. Hasira ya namna hiyo ndiyo inayochosha kuliko zote, maana haina pa kwenda.

Hapo pazia likasogea. Haukutokea uso. Kilichotokea ni mkono mmoja, ukisukuma sinia sakafuni mpaka upande wa sebule, kisha mkono ukarudi haraka. Sinia lilikuwa na mayai mawili ya kuchemsha, mandazi yaliyofunikwa kitambaa cheupe, na chai ya maziwa ndani ya kikombe chenye ukingo wa dhahabu.

Phares alilitazama sinia pale chini kwa muda mrefu.

"Unaona?" alisema. "Hata mfungwa hupewa chakula hivyo. Kupitia chini ya mlango."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Wewe niambie niseme vipi, nitasema."

Nekesa aliokota sinia akaliweka juu ya stuli mbele ya Phares, akaketi. Kikombe kilikuwa kile cha mchungaji. Kilitolewa kabatini mara mbili kwa mwaka, na hata baba yake hakukinywea. Aliliona jambo hilo, lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa viatu na siku tatu, likapita.

Phares hakuigusa chai. Alilaza ile manila iliyokunjwa juu ya mapaja ya Nekesa.

"Nimekurudishia mchoro. Ule wa kwanza, wa penseli. Nilifikiri utataka kukaa nao." Alisugua magoti kwa viganja. "Kuna kampuni ya sabuni imeniita Eldoret. Kuzungusha mauzo kule juu. Wanataka jibu kabla ya saa kumi na moja leo."

Kompyuta iliendelea kuvuma.

"Umewajibu nini?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Alitazama pazia.

"Phares, nakuuliza. Tumekaa miezi minane. Vinyozi arobaini na mmoja. Kesho jarida linatoka, halafu wewe unaenda kuuza sabuni? Nani atazunguka? Mimi? Mimi hata kusalimia watu nisiowajua ninatokwa na jasho!"

"Ungetaka nibaki kwa ajili ya vinyozi?"

"Sijasema hivyo."

"Basi sema unachotaka kusema."

"Wewe sema kwanza!"

"Niseme nini katika nyumba ambayo sipewi hata mkono? Ah!" Alipiga goti kwa kiganja. "Mtu nimelelewa na shangazi Aluoch pale Tena, yeye hakuolewa, hana mtoto ila mimi, hakuna mtu aliyewahi kunifundisha mambo ya nyumba za watu. Lakini kufukuzwa ninakujua. Sihitaji kufundishwa."

Nekesa alishindwa. Aliikamata ile manila akaitupa, si kwake wala mbali naye, akaitupa tu, kama mtu anayetupa mikono. Karatasi ilijikunjua hewani, ikateleza juu ya sakafu iliyosuguliwa asubuhi, ikaenda ikasimama nusu huku na nusu ndani ya jikoni, chini ya pazia. Miguu kumi na miwili ya penseli, yote ya kwake, ilikuwa imelala pale na namba zake. Kandambili za bluu zilirudi nyuma hatua moja.

Phares alisimama. Alikaza shati kiunoni kama anayekwenda mbele ya hakimu, akalikabili pazia.

"Mama Nekesa," alisema. "Nimekukosea nini?"

Jikoni mwiko uligonga sufuria.

"Ulikuwa unanipa mkono. Ulikuwa unaniita Phares wangu. Kama ni kwa sababu mimi si wa kwenu, niambie. Kama ni kazi, niambie, kazi nimepata. Kama ni hii ngoma, na nyumba hii ni ya kanisa, pia niambie, nitaelewa. Lakini usinikimbie, mama. Naumia."

Nyuma ya pazia kulisikika mwiko ukiwekwa chini. Kisha sauti ya Mama Roseline ikaja, nyembamba, ya haraka, kama ya msichana aliyefumaniwa.

"Nekesa! Mwambie huyo kijana asinisemeshe hivyo. Ni aibu."

Uso wa Phares ulifungika. Aliinama taratibu, akachukua mkoba wake wa majarida, akauvaa begani.

"Haya," alisema. "Sasa umesikia mwenyewe." Akaelekea mlangoni.

Mambo yote aliyoyameza Nekesa kwa wiki tatu na chai yakapanda kwa pamoja. "Mama!" alipiga kelele mpaka kikombe cha mchungaji kikatetema kisahanini. "Aibu gani? Aibu gani, Mama? Mtu amekukosea nini wewe? Kila siku unakimbia, unakimbia, unamfanya kama ana ukoma! Sema leo. Aibu gani?"

"Nekesa, shusha sauti, majirani."

"Majirani wasikie!"

"Mkwe hasemeshani na mama mkwe uso kwa uso hivyo," Mama Roseline alisema, sasa naye amekasirika. "Wala hapeani naye mkono. Kwao hakufundishwa? Na wewe Nekesa umekaa hapo unaacha anaita jina langu kama ananiuzia mboga!"

Mkono wa Phares ulikuwa kwenye komeo. Ulibaki hapohapo.

"Mkwe," Nekesa alisema. "Mkwe nani?"

"Kwani wako wangapi?"

Nje, mtu alikuwa anaburuta mtungi wa maji. Nekesa alitafuta kiti kwa mkono bila kuangalia, akakikosa, akaegemea meza.

"Mama. Toka huko unieleze."

"Sitoki. Yuko hapo." Kandambili zilisogea karibu na pazia, na sauti ikapungua ukali. "Mimi ni mtu mzima, Nekesa. Nilileta ugali wenu pale Tena nikaona kile nilichoona. Mwanamume hashiki mguu wa mwanamke namna ile, halafu niendelee kumsalimia kama mgeni wa kupita. Nikasema, haya, Roseline, umepata mkwe. Nikaanza kumheshimu siku hiyo. Mama yangu alimheshimu baba yako hivyohivyo mpaka akafa. Hakuwahi kuketi naye chumba kimoja, na hakuna mtu duniani aliyempenda kuliko yeye."

"Lakini hayo ni baada ya mahari! Huko kijijini! Na wazee!"

"Heshima inangoja wazee?"

"Mama, hajaniuliza!"

"Hajakuuliza nini?"

"Hajaniuliza chochote! Hatujawahi... hata siku moja, Mama, hajasema!"

Sauti ya Mama Roseline ilikuwa na mshangao wa kweli.

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu!"

"Wiki tatu mimi nakimbia na bakuli, nakula nimesimama jikoni kama mtumishi, nimetoa kikombe cha mchungaji, na huyu kijana bado hajauliza?" Alishika kichwa, hawakumwona, lakini bangili zake zilisikika zikipanda. "Basi mwambie aulize. Miguu yangu imechoka."

Phares alikuwa bado anatazama komeo. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Na baba?" Nekesa aliuliza, kwa sababu alitaka kuuliza kila kitu sasa, kabla ujasiri haujaisha.

"Baba yako aliuliza kikombe kimeenda wapi. Nikamwambia. Akasema, huyo ni mtu wa ziwa. Nikamwuliza, na wewe reli ilikulisha wapi miaka kumi na moja, si Kisumu? Akanyamaza."

"Kwa hiyo amekubali?"

"Amenyamaza. Hayo ni mambo mawili. Atasumbua. Mwache asumbue, mimi ninamjua." Kandambili zikasogea tena. "Na tena huu ukurasa mnaogombania una shida gani? Mbona mimi naufuata vizuri?"

Wote wawili waligeuka.

Chini ya pazia, kandambili za bluu zilikuwa zimewekwa kando, sambamba, kama mlangoni mwa kanisa. Miguu ya Mama Roseline ilikuwa peku juu ya manila. Alikuwa anavumisha kwaya ya Jumapili puani, na miguu inakanyaga: kushoto, kushoto, kulia, nyuma, kulia. Kisigino kilipotakiwa kugeuka, kiligeuka. Hakukosea hata moja. Ilikuwa miguu ya mtu aliyecheza sana zamani na hajamwambia mtu.

Phares alipiga magoti sakafuni, akainamisha kichwa kuangalia. Nekesa naye akachuchumaa kando yake, bega kwa bega, bila kukumbuka kwamba wamegombana.

"Anaenda kushoto kwenye kushoto," Phares alinong'ona.

"Kwa sababu yuko upande ule." Nekesa alijipiga paji la uso. "Phares! Angalia vidole. Kwangu mimi vidole vinanitazama. Kwake vinaangalia mbele. Niliipanga kama mwalimu anayesimama mbele ya darasa, akiwatazama watoto. Msomaji anasimama huku chini, kwa hiyo kila kitu kwake ni kinyume. Miguu haina kosa. Ukurasa ndio umesimama kichwa chini!"

"Kwa hiyo unaugeuza tu?"

"Naigeuza miguu, naandika namba upya, basi! Nusu saa!" Alikuwa ameshaketi mbele ya kompyuta. "Saa ngapi?"

"Kumi na dakika kumi na nane."

"Mpigie Hirad."

Phares alipiga. Hirad alisikika mpaka jikoni. "Wewe Ooko! Jumatano unaniambia toa miguu, Jumamosi weka miguu. Mimi ni mpiga chapa au fundi viatu?"

"Viatu vipeleke jalada la nyuma, ndani. Miguu irudi katikati. Naomba, buda."

"Saa kumi na moja nawasha. Ikifika na dakika moja utachapisha kwa kalamu."

Nekesa alifanya kazi bila kuinua uso. Aliigeuza miguu yote kwa mkupuo mmoja, akafuta namba, akaanza kuziandika upya kwa ile rangi ya vumbi jekundu aliyoichagua mwezi wa pili. Phares alisimama nyuma ya kiti chake, naye Nekesa alihisi joto lake shingoni.

"Usidhani nimekusamehe," alisema.

"Sidhani."

"Ukitoa tena ukurasa wangu bila kuniambia, nitakutundika kwa uzi kwenye kinyozi."

"Sawa."

"Na usikae nyuma yangu hivyo. Nasoma namba mara mbili."

Hakuondoka. Alizunguka meza, akapiga magoti kwenye sakafu ileile, kama alivyopiga ukumbini, safari hii bila penseli.

"Nekesa," alisema chini kwa chini. "Utakubali nikuoe?"

"Sauti!" ilitoka nyuma ya pazia. "Huku hatusikii!"

"Utakubali nikuoe, Nekesa?" Phares alisema, kwa sauti iliyofika kwa jirani wa mtungi wa maji.

Nekesa alikaza macho kwenye kioo cha kompyuta kwa sababu kilikuwa kimeanza kuwa na ukungu, na haikuwa kosa la kioo. Wiki tatu! Mama amejua, kikombe kimejua, baba amejua. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akilala bila kujua.

"Namba nne ni mguu upi?" aliuliza.

"Kulia, unarudi nyuma."

"Basi niache nimalize. Nikifika kumi na mbili nitakujibu."

"Nekesa!"

"Nikifika kumi na mbili, nimesema. Na wewe ulinifanya ningoje siku tatu."

Aliandika tano. Aliandika sita, akaisogeza kidogo kushoto. Saba ilimsumbua, akaifuta, akaiandika upya, na Phares akatoa mlio kama mtu aliyekanyagwa. Walipofika nane simu ya Phares ilianza kuita, namba ya Eldoret. Aliitazama, akaigeuza kifudifudi juu ya kitambaa cha kufuma, ikaendelea kutetemeka pale mpaka ikachoka. Tisa. Kumi.

Kule chini ya pazia kwaya ilikuwa imenyamaza. Kuna mtu aliyekuwa akihesabu pamoja nao.

Nekesa aliandika kumi na moja, akashika kalamu ya kompyuta hewani, akageuza macho polepole. Juu ya manila, mguu mmoja wa Mama Roseline ulikuwa umekanyaga, na mwingine umeinuliwa, vidole vimekunjwa, unangoja hatua ya mwisho.